Umeambiwa na Nani? Safari ya pendekezo kutoka Siyu hadi Chechelesi

Ukiketi jioni na wapenzi wa vitabu na redio hapa Chechelesi, Isiolo, chai ya maziwa ya ngamia ikipoa mbele yako, kuna swali moja huwezi kulikwepa. Hawataanza kwa kukuuliza kitabu ulichokisifu kinahusu nini, wala podikasti uliyoitaja ina vipindi vingapi. Watakuuliza: umeambiwa na nani? Ukimtaja mtu anayejulikana kwa kumaliza anachokianza, kalamu itatafutwa na jina la kitabu litaandikwa nyuma ya risiti ya duka. Ukisema umeiona tu kwenye simu, vikombe vitarudi midomoni na mazungumzo yatageukia bei ya mbuzi.

Swali hilo lina umri mrefu kuliko mji wa Isiolo. Historia ya usomaji wa Kiswahili huandikwa kwa majina ya watunzi na miaka ya kuchapishwa, nami sina ugomvi na hilo. Ila kitabu hakina miguu. Kimefika kilikofika kwa sababu mtu fulani alimwambia mwenzake "soma hiki", akaliweka jina lake rehani. Kikiwa kibaya, aibu ni yake. Watu hao, wadhamini wa maneno ya wengine, ndio ninaotaka kuwafuata hapa.

Tuanzie Siyu, kisiwani Pate. Katika karne ya 18 na ya 19 mji huo ulisifika kwa mafundi wa kunakili misahafu, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Na katika kisiwa hichohicho, mwaka 1728, ndiko Mwengo bin Athumani alikotunga Utendi wa Tambuka. Hebu fikiria maana ya kumpendekezea mtu utendi katika zama hizo. Hukumtumia chochote kwa kubonyeza kidole. Uliketi, ukachonga kalamu ya mwanzi, ukanakili beti kwa beti hadi mgongo ukauma. Hakuna mtu aliyefanya kazi hiyo kwa utungo alioupenda nusunusu. Kila nakala ilikuwa kura iliyopigwa kwa jasho.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wosia. Ulikuwa neno la mama kwa mwana, la nyumbani kabisa. Ukatoka nyumba hiyo ukaingia ya jirani, wanawake wakaunakili na wengine wakauhifadhi kwa moyo, hadi ukawa mali ya pwani nzima. Hapakuwa na mchapishaji wala tangazo.

Habari ya Muyaka bin Haji inanishangaza zaidi. Malenga huyo wa Mombasa alifariki mwaka 1840 na mashairi yake yakabaki vinywani. Kilichoyaokoa ni kumbukumbu za watu, na hasa bidii ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyaandika kwa ajili ya mmishonari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Diwani ilipochapwa Johannesburg mwaka 1940, William Hichens akiwa mhariri wake, malenga alikuwa ametimiza miaka 100 kaburini. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo Muyaka aliishi kwa sababu kila kizazi kilikiambia kinachofuata: yule mzee alisema maneno.

Na hapa lazima nimtaje Muhamadi Kijuma wa Lamu, mwandishi wa hati, mchonga milango na mwanamuziki, aliyewanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Alilipwa kwa kazi yake, na halali yake. Lakini tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita leo hazina ya kale ni kile ambacho Kijuma na wenzake waliona kinafaa kunakiliwa. Ladha ya fundi mmoja wa Lamu imekuwa silabasi ya vyuo vikuu. Sijui mpendekezaji mwingine wa Kiswahili aliyefika mbali kiasi hicho.

Huku kwetu bara, karatasi ilichelewa, lakini desturi ya kupashana ilikuwepo. Msomali akikutana na mwenzake njiani humwambia "iska warran", yaani toa habari zako mwenyewe. Waafar wa Pembe ya Afrika wana desturi iitwayo dagu, ambapo wasafiri wawili wakikutana hawana budi kusimama na kupeana habari za walikotoka, na habari hiyo hupimwa kwa kuangalia imetoka kwa nani. Hata Kiswahili, tukikitazama vizuri, kinaamkia kwa ombi hilohilo. Tunaposema "habari?" tunadai ripoti, ingawa siku hizi jibu ni "nzuri" hata nyumba ikiungua.

Isiolo wenyewe ni mji wa wasimulizi waliohamia. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwapa makazi hapa askari wastaafu wa Kisomali, Waisaaq na Waharti, na pembeni yao wakawepo Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Walikutana kwa Kiswahili cha kambini, kisichojali sana ngeli lakini kisichomwacha mtu nje. Kisha mji ukafanywa mlango. Chini ya sheria ya maeneo ya pembezoni ya mwaka 1902, na ile ya wilaya maalumu ya 1934, mtu hakuruhusiwa kuingia au kutoka kaskazini bila kibali. Kizuizi kilikuwa Isiolo. Ndiyo maana hadi leo utawasikia wazee wa kaskazini wakimuuliza abiria aliyerudi kutoka Nairobi, umbali usiofika hata kilomita 300: "Habari ya Kenya?"

Upande wa pili wa kizuizi hicho magazeti yalikuwa yakishamiri. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, na wasomaji wake wakajibizana kwa mashairi kutoka miji iliyo mbalimbali. Nairobi ikapata Baraza mwaka 1939, na jina hilo lilichaguliwa na mtu aliyejua gazeti la Kiswahili linavyosomwa. Mmoja anayejua kusoma hushika karatasi, wengine hushika masikio. Huyo msomaji alikuwa na mamlaka ambayo mhariri hakuyajua: ndiye aliyeamua ni habari ipi isomwe kwa sauti, ipi irukwe, na ipi irudiwe kesho yake kwa ajili ya aliyekosa.

Vitabu navyo vilianza kupata mashirika. East African Literature Bureau iliundwa mwaka 1948, ikachapisha na pia kusambaza: masanduku ya vitabu yalipelekwa vituoni, na msomaji aliye mbali aliweza kuazima kwa posta. Shindano lake la hadithi la 1957-58 lilimpa ushindi Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960 na kumleta Bwana Msa na kiko chake. Kwa maoni yangu hapo ndipo riwaya ya Kiswahili ilipojifunza kusifiwa mitaani. Tenzi ulizisifu kwa adabu. Hadithi ya upelelezi unaisifu kwa kumkamata mtu mkono: usiniambie mwisho, mimi niko ukurasa wa 60. Miaka mitano baadaye Faraj Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na kukamatana mikono kukazidi.

Wakati huohuo maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kulindwa mlangoni na simba wawili wa mawe, haikumruhusu Mwafrika kuingia hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Kila nikipita hapo siachi kusoma kibao cha barabara iliyo hatua chache kutoka ngazi zake: Wabera. Ni jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa Juni 1963. Maktaba iliyotufungia mlango sasa inaelekezwa kwa jina la mtu wa kwetu.

Lakini ukiniuliza ni nini hasa kilichovunja kizuizi cha Isiolo, nitakuambia ni redio. Askari angeweza kukagua mzigo wa lori, hakuweza kukagua hewa. Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954 na kuwatia tumbojoto Waingereza. Juni 27, 1957 BBC ikaanza Kiswahili, na wiki tatu baadaye, Julai 18, ikaanza Kisomali. Wiki tatu tu! Kwa mji kama huu, wenye nyumba ambamo baba anafuata Kisomali, watoto wanafuata Kiswahili na jirani anadai atafsiriwe kwa Kiborana, ilikuwa kama kwamba London walikuwa wamekaa wakatufikiria. Nina hakika hawakutufikiria.

Transista moja ilihudumia mtaa. Betri zilipochoka zilianikwa juani zipate uhai wa taarifa moja zaidi. Asiyekuwepo saa ya taarifa alisimuliwa, na msimulizi mzuri alisubiriwa kuliko mtangazaji, kwa kuwa huyo aliweza kuulizwa maswali. Hapo ndipo tulipojifunza kitu ambacho wapenzi wa podikasti wanadhani wamekigundua wao: kipindi hakiishi kinapokwisha. Kinaishia kwenye baraza, kikiwa kimepunguzwa, kimenogeshwa na mara nyingine kimepotoshwa kabisa.

Haikuwa tamu siku zote. Desemba 1963 serikali mpya ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kaskazini, na vita vya shifta, vya waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vikaendelea hadi makubaliano ya 1967. Redio Mogadishu ilirusha matangazo yake kuelekea huku, na Sauti ya Kenya ikajibu. Wazee husimulia walivyokuwa wakipunguza sauti hadi sikio liguse spika. Kumwambia mwenzako "jana nimesikia kitu" kulihitaji kumwamini kwanza. Pendekezo likawa siri ya watu wawili. Sheria za hali hiyo ya hatari hazikuondolewa hadi mwaka 1991, na nadhani zimetuachia tabia ya kumtazama mtu usoni kabla ya kumtajia tunachosikiliza. Huenda lile swali la Chechelesi, umeambiwa na nani, lilinolewa hapo.

Kwa upande wa burudani, redio ilitupa vipindi vya salamu, ambavyo wasomi wetu wamevidharau bila sababu. Kadi ya salamu iliandikwa majina ya jamaa, kisha wimbo ukaombwa. Hayo ni mapendekezo yaliyotiwa sahihi: wewe fulani wa mahali fulani unataka watu hawa hasa wausikie wimbo huu. Ilitupa pia Leonard Mambo Mbotela, ambaye tangu 1966 aliuliza "Je, huu ni uungwana?" kwa zaidi ya nusu karne. Mtu alihadithia kisa cha Mbotela sokoni ili kumsema jirani bila kumtaja jirani. Alipofariki Februari 2025, watu ambao hawajawahi kumwona walizungumza kana kwamba wamempoteza mjomba.

Kaseti zikaja na kufanya redio iwe na kumbukumbu. Mombasa kulikuwa na Mbwana Radio na taarabu zake. Kwa Wasomali, kaseti ilibeba ushairi wenyewe. Mlolongo wa Deelley, ulioanzishwa na mshairi Gaarriye na kujibiwa na mwenzake Hadraawi kuelekea 1980, ulikua ukapita tungo 60 za washairi wanaojibizana, na ulisafiri kwa kanda zilizonakiliwa kutoka kanda, kila nakala ikiwa na ukungu kuliko mama yake. Kazi ya Siyu ilikuwa imerudi kwa umbo la plastiki.

Shuleni, mpendekezaji hodari kuliko wote alikuwa marufuku. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na ikazuiwa katika shule za Tanzania. Hakuna mwalimu wa fasihi aliyewahi kukitangaza kitabu kwa ufanisi kama amri ile. Mimi nilikisoma miaka mingi baadaye kikiwa hakina jalada, kurasa 12 za mwanzo zimetoka, na mwenye kuniazima aliniambia kilichokuwemo katika kurasa hizo. Nilipokuja kupata nakala kamili niligundua kwamba alikuwa amezitunga mwenyewe. Za kwake hazikuwa mbaya.

Nisiwasahau ngamia. Oktoba 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilianzisha Garissa maktaba inayobebwa na ngamia, kisha Wajir ikafuata: mmoja amebeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea. Wageni walipiga picha nyingi, na Mmarekani Masha Hamilton akaandika riwaya kuhusu mpango huo. Sisi wa kaskazini tulichokiona ni kingine. Mtu aliyekuja na ngamia alijua mtoto yupi wa boma lipi alikuwa amemaliza kitabu gani, akamchomolea kinachofuata. Ngamia walisifiwa sana, yeye hakutajwa na mtu.

Sasa tumefika kwenye simu. Neno la Kiingereza lililotupa podikasti lilianza kutumika Februari 2004, katika makala ya Ben Hammersley kwenye gazeti la Guardian, na ilichukua muda mrefu bei ya data kushuka kiasi cha mtu wa Isiolo kuweza kusikiliza kipindi cha saa nzima bila kuhesabu shilingi. Leo kijana anayeendesha bodaboda ana kisikizi kwenye sikio moja. Nairobi ina Africa Podfest, inayowakutanisha watengenezaji wa vipindi barani. Adelle Onyango alianza Legally Clueless mwaka 2019 na kuwapa watu wa kawaida nafasi ya kusimulia maisha yao. Kevin Mwachiro, katika Nipe Story, anachukua hadithi fupi za Kiafrika na kuzisoma kwa sauti, kazi ileile ya yule mwenye kushika Baraza akiwa amezungukwa na masikio. BBC na DW wameyaweka matangazo yao ya Kiswahili mahali ambapo betri haihitaji kuanikwa.

Wingi huu ni neema, nami siulilii wakati wa kaseti. Lakini kuna kitu kimelegea, na tusijidanganye. Mwaka 2018 WhatsApp ilianza kuweka alama juu ya ujumbe unaopitishwa tu, na Januari 2019 ikaweka kikomo cha kuupitisha kwa vikundi au watu watano kwa mkupuo. Yaani ilifika mahali mashine yenyewe ikalazimika kutuonya kwamba maneno haya hayana mwenyewe. Mtu anakutumia kiungo cha podikasti ya saa mbili saa tano usiku, na asubuhi ukimuuliza amependa wapi anakujibu hajaisikiliza, "nimeona itakufaa". Na hapo nimemtaja mtu. Algorithimu nazo hupendekeza usiku kucha, kwa bidii ambayo hata Kijuma hakuwa nayo, ila zikikosea hazioni haya. Aliyekuazima kitabu kibaya atakutana nawe msikitini, kanisani au kwenye foleni ya maji. Akiwa muungwana atakuomba radhi, na akiwa Mwisiolo atakubishia kwamba hukukielewa.

Kwa hiyo baraza letu limejiwekea kanuni mbili tu. Ukipendekeza kitu, sema umefika wapi: ukurasa wa ngapi, dakika ya ngapi. Na usitaje vitu zaidi ya viwili kwa jioni moja. Anayetaja kumi hajasoma hata kimoja, au amesoma vyote na hakipendi hata kimoja.

Viwili vyangu vya msimu huu ni hivi. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nimeimaliza. Gurnah amezungumza na ulimwengu kwa Kiingereza muda mrefu, na kumsikia Yusufu akisafiri bara kwa Kiswahili ni kama kusikia kaseti ya kwanza kabla ya nakala zake zenye ukungu. Cha pili ni Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya 2013, iliyoweka nchi yetu kavu ya kaskazini katikati ya hadithi badala ya kuiacha pembeni mwa ramani. Hicho niko ukurasa wa 210, na nasoma polepole kwa makusudi.

Maziwa ya ngamia bado yanashuka kwa basi kutoka Isiolo hadi Eastleigh, na vitabu vinapanda kwa njia hiyohiyo, kimoja kimoja, mkobani mwa mtu. Nakala yangu ya Mzimu wa Watu wa Kale iliondoka Chechelesi mwaka jana mikononi mwa mtu aliyeahidi wiki mbili. Ina doa la chai kwenye ukurasa wa 31. Ukiiona, imalize kwanza, kisha nirudishie.